Amari Ilipokatika Wasini

Mimi ni mtu wa Mwembe Tayari, Mombasa. Nimezaliwa nyuma ya soko, na riziki yangu naipata kwenye ofisi ya tiketi za mabasi hapo Barabara ya Jomo Kenyatta, si mbali na sanamu za askari waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwasafirisha wenzangu: huyu Lamu, yule Nairobi, mwingine Dar es Salaam. Mwishoni mwa Machi 2022 ilikuwa zamu yangu kusafiri, na safari hiyo nusura iwe ya mwisho. Nasimulia leo kwa sababu siku za mapumziko vijana wengi wa Mombasa hupanda mashua kwenda kutembea visiwani, na nataka wajue ni kitu gani kilichotufanya tutoke watu saba na kurudi watu saba.

Sisi ni rafiki watano tuliosoma chuo kimoja tangu utotoni. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mmoja fundi wa umeme wa magari, mmoja muuguzi, mmoja ana duka la nguo karibu na Marikiti, na wa tano ni mimi. Desturi yetu ni kuvunja jungu pamoja. Shaaban ikikaribia kwisha tunatoka, tunakula, tunazungumza, tunasameheana, kisha tunaingia Ramadhani na nyoyo safi. Korona ilitukatia desturi hiyo. Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na mwaka uliofuata Ramadhani ilitukuta chini ya kafyu iliyokuja kuondolewa Oktoba 2021. Kwa hivyo 2022 ilipofika tulikuwa na hamu kubwa ya kukaa pamoja. Tukaafikiana kwamba safari hii tuingie baharini, tushuke na kaskazi ya mwisho mpaka Wasini, tulale chomboni, na kila jioni tutie nanga penye kisiwa.

Fundi ana ami yake Kibokoni, nahodha aliyekula chumvi, mwenye mashua ya tanga iliyofungwa mashine ndogo nyuma. Sote tukawa tunamwita ami. Kabla ya kukubali kutuchukua alikuja Mwembe Tayari, akaketi kwenye benchi la abiria nje ya ofisi yetu, akatueleza masharti yake. La kwanza lilikuwa la maneno. "Wanangu," alisema, "nchi kavu nyinyi ni marafiki, na kila mmoja ana kauli. Mukishapanda chomboni kauli ni moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Asiyeweza kutumwa na abaki." Mwalimu, ambaye kila siku huamrisha darasa zima, ndiye aliyemjibu wa kwanza: "Ami, tumekubali."

Sharti la pili lilikuwa karatasi. Alitaka tuandike majina yetu sote, umri, nambari za jamaa zetu, rangi ya mashua, nembo iliyochorwa ubavuni, mahali tutakapolala kila usiku na saa ambayo tutapiga simu. Ikiwa saa hiyo itapita bila simu mpaka asubuhi, anayeishika karatasi asingoje kuambiwa na mtu. Tuliibandika ukutani pale ofisini, juu ya meza ya ndugu yangu mdogo ninayefanya kazi naye. Sharti la tatu lilikuwa maji: mitungi miwili ya lita 20 ambayo haitaguswa mpaka turudi, mbali na maji ya kunywa na kupikia. Na kila mtu awe na jaketi yake ya kuokolea maisha, aivae kila jua likitua, akilala alale nayo.

Tuling'oa nanga Bandari ya Kale asubuhi, maji yakipwa, tukatoka nayo mpaka tukaiacha Ngome ya Yesu kuliani kwetu. Nje ya mwamba ami alitweka tanga. Kaskazi ilikuwa imechoka lakini bado ilisukuma, na mashua ikateremka kusini kwa utulivu: Likoni, Tiwi, mchanga mweupe wa Diani, kisha msitu wa Chale. Tulikuwa na mahamri ya Mwembe Tayari na mbaazi za nazi, na jiko la mkaa lililokaa ndani ya sanduku la mchanga. Mwenye duka alikamata jodari kwa mshipi, tukamchoma palepale. Nilimtazama Muuguzi, aliyepoteza wagonjwa wengi wakati wa korona na ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akicheka, akicheka mpaka machozi. Siku zile zilikuwa neema, na nazitaja ili msomaji asidhani naichukia bahari.

Katika siku hizo ami alitufundisha kutia nanga, na mafunzo hayo nimeyashika mpaka leo. Kwanza alitazama chini, maana nanga inashika mchangani, na penye matumbawe inavunja uhai wa bahari na yenyewe inanasa. Halafu alipima kina, na juu ya kina alichokipima aliongeza maji yatakayojaa. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Ukitia nanga maji yamepwa penye mita 4, usingizini unaelea juu ya mita 8, na kamba uliyoiona ndefu imekuwa fupi. Kwa hivyo hutoa kamba mara tano au zaidi ya kina cha maji yaliyojaa. Mwisho alichagua alama mbili za pwani, mnazi na jabali, akazitazama zikiwa zimepangana. Alama zikiachana, nanga inakokota. Baharia wetu, kijana wa Mtongwe, alikuwa akizikagua kila alipoamka.

Tulipitia Gazi na Funzi, kisha tukafika Wasini. Tuliteremka kijijini, tukapita kwenye njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama juu ya bustani ya matumbawe ya zamani, tukaziona jabia za kukingia mvua, kwa kuwa kisiwa hicho hakina mto. Siku iliyofuata tuliwaona pomboo upande wa Kisite, katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambamo vyombo hufungwa kwenye maboya ili matumbawe yasiumizwe na nanga. Jioni, maji yakiwa yamejaa, tulirudi upande wa Mkwiro, ncha ya mashariki ya Wasini. Ami akatia nanga mchangani, akatoa kamba ya kutosha, akakagua alama zake. Tuliswali Magharibi, tukala wali wa nazi na pweza. Kesho yake tulikuwa tuanze safari ya kurudi nyumbani.

Mwezi wa Shaaban ulikuwa umekonda, giza totoro. Karibu saa tatu usiku upepo ulikatika kabisa, na joto likatufunika. Ami aliinuka akanusa kusini. Hakusema neno ila, "Jaketi." Tulikuwa tumezivaa, tukakaza mikanda. Dakika chache baadaye kusi ilishuka na mvua. Wanaojua bahari yetu wanajua kwamba kati ya kwisha kwa kaskazi na kusimama kwa kusi kuna siku ambazo upepo hauna bwana, na dhoruba fupi huzuka bila kubisha hodi. Mashua iligeuzwa ikavutwa upande ambao haikuulalia, na amari, yaani kamba ya nanga, ikaburuzwa juu ya kichwa cha tumbawe. Tumbawe hukata kamba kwa makali ya kisu. Tulisikia mshindo mmoja omo, mbele ya chombo, na chombo kikaenda.

Maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu za bamvua na yalikuwa yanatoka nje. Baharia alitupa nanga ya pili. Ilikokota, ikashika kidogo, ikaachia, kisha ikaning'inia tu, kwa sababu tulikuwa tumeshapita ukingo wa mwamba na chini hapakuwa na chini. Hapo ndipo unapoanza Mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni cha mamia ya mita. Tulipopita ukingoni wimbi lilitupiga shetri, usukani ukang'oka kwenye misumari yake, na mashine ikazama majini ikazimika. Foromali, boriti ya tanga iliyokuwa imefungwa juu, ikaanguka na kuvunjika vipande viwili, na kimoja kilimpiga Mwalimu kikamvunja mfupa wa mtulinga. Yote haya yalitokea kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika.

Ami alipaza sauti mara moja tu, akatugawia kazi. Mimi na mwenye duka tufue maji. Fundi amshikie taa baharia. Muuguzi amwangalie Mwalimu. Kila mmoja alijua analofanya, na nashuhudia kwamba kazi ndiyo iliyoizuia hofu isitutawale. Tulifua kwa ndoo na kwa sufuria ya wali. Mikono ililegea, tukapokezana, tukafua tena. Muuguzi aliufunga mkono wa Mwalimu kifuani kwa kikoi, na Mwalimu, akiwa amelala kwenye maji ya ngama, alianza kusoma Yasin kwa sauti. Alikuwa akisoma tunapofua, na tulipochoka tulifuata mwendo wa sauti yake.

Ubao mmoja karibu na mkuku ulikuwa umeachia kalafati. Baharia alipapasa kwa vidole mpaka akapapata, akapasua mto wa kulalia, akatoa pamba, akaichovya kwenye mafuta ya kupikia na kuishindilia kwa ncha ya kisu ndani ya ufa. Maji yaliendelea kuingia, lakini sasa yaliingia kwa kasi ambayo mikono yetu iliweza kuishinda. Wakati huohuo ami aliifunga ile foromali iliyovunjika pamoja na tanga, akatia nanga ya pili iwe uzito, akavitupa vyote mbele kwa kamba ndefu. Mzigo ule ulivutwa majini nyuma ya mawimbi na kuishika omo ielekee upepo, hata mashua ikaacha kulala ubavu. Kijana wa siku hizi angefikiri mzee ametupa mali baharini. Mzigo ule ndio uliotuweka juu ya maji usiku kucha.

Usiku wa manane mvua ilikatika, na magharibi tukaziona taa za pwani, labda za Msambweni. Zilionekana karibu. Mwenye duka, anayejua kuogelea kuliko sisi sote, alisimama akasema ataogelea akalete msaada. Alikuwa na mke mjamzito nyumbani, na nilimuelewa. Ami alimshika bega akamkalisha. "Mwanangu, taa ya baharini haina masafa," alimwambia. "Kati yako na taa ile kuna mwamba, na mawimbi yanavunjika juu yake. Ukiiacha mashua, umekiacha kitu cha pekee ambacho anayekutafuta anaweza kukiona. Kaa kitako, fua maji." Alikaa, akafua. Asubuhi kulipopambazuka pwani ilikuwa mstari mwembamba, na mwenye duka aliutazama kwa muda mrefu, kisha akambusu mzee mkono.

Jua la siku ile lilikuwa adhabu ya pili. Tanga lilikuwa majini, kwa hivyo hatukuwa na kivuli ila leso mbili za kufunikia chakula. Mtungi mmoja wa akiba ulikuwa umepasuka, mwingine ulikuwa mzima. Ami aliugawa kwa kikombe kidogo cha kahawa: Mwalimu kwanza, kisha waliofua, kisha waliobaki, yeye mwisho. Midomo ilipasuka kwa chumvi. Viganja vyangu vilichubuka vikatoa damu kwenye mpini wa ndoo. Mkondo wa bahari yetu huelekea kaskazini, nasi ulikuwa ukituchukua polepole, tukaziona rasi zikibadilika bila sisi kuzikaribia. Meli moja kubwa ya makontena ilipita mbali, ikielekea Kilindini. Tulipunga vitambaa, tukapiga kelele, ikapita. Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa kelele. Nililia nikifua.

Simu zetu zilikuwa zimelowa zote isipokuwa ya Muuguzi, aliyeitia tangu mwanzo kwenye chupa pana ya plastiki yenye kifuniko. Usiku haikuwa na mtandao. Asubuhi, mashua ilipoinuliwa na wimbi, ilishika kidogo. Nilimpigia ndugu yangu, nikasema: "Tuko hai, hatuna usukani, tuko nje ya Funzi tunakwenda kaskazini." Simu ikakatika, na haikushika tena.

Sasa nieleze yaliyotokea Mwembe Tayari, maana nusu ya wokovu wetu ilifanyika huko. Saa ya kupiga simu ilikuwa imepita usiku, na ndugu yangu hakulala. Alfajiri alikuwa ofisini mbele ya ile karatasi. Aliposikia sauti yangu hakuhitaji kuuliza tulikuwa wangapi, mashua ni ya rangi gani, wala tulilala wapi. Aliyasoma yote kwa Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoanzishwa 2018, na kwa kituo cha kuratibu uokoaji wa majini cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya kilichoko hapahapa Mombasa, nao wakasambaza habari kwa vyombo. Kisha akafanya ambalo mtu wa Mwembe Tayari peke yake angelifikiria. Aliwapigia makondakta wa mabasi ya Dar es Salaam, ambayo yanaondoka hapo na kupita njia ya Lungalunga. Makondakta wakawaambia wenye matatu wa Likoni, wa Ukunda na wa Msambweni. Wenye matatu wakawaambia waendesha bodaboda, na hao wakateremka mpaka kwenye madiko ya wavuvi na kwa viongozi wa kamati za ufuo. Kabla ya adhuhuri, kutoka Shimoni mpaka Diani, hakuna diko ambalo halikujua kwamba kuna mashua nyeupe yenye mkanda wa kijani, watu saba, haina usukani.

Nyumbani, mama yangu alikuwa ameketi na majirani. Waislamu walisoma Yasin na Wakristo wa jumba letu waliomba kwa namna yao. Mama alikuwa na sababu ya kuiogopa bahari. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, alipoteza rafiki wa karibu aliyekuwa akivuka kwenda kazini. Tangu siku hiyo alikuwa hapandi feri ya Likoni bila kushika tasbihi. Ndugu yangu ananiambia kwamba mama hakulia siku ile nzima. Alipika chai, akawapa waliokuja, akasema, "Karatasi yao iko ukutani. Watatafutwa."

Jua lilikuwa limeinama baharia aliposema anaona tanga. Ilikuwa mashua ya wavuvi wa Gazi, watu wanne, waliokuwa wameacha nyavu zao na kutoka nje ya mwamba kwa ajili yetu. Walitufikia usawa wa Chale. Mkubwa wao alipaza sauti, "Nyinyi ndio wa Mwembe Tayari?" Hakuna salamu niliyowahi kuisikia yenye utamu huo. Walitupa kamba, wakatupa maji na muhogo wa kuchemsha, wakampandisha Mwalimu kwanza. Mashua yetu waliiburura mpaka ghuba ya Gazi, ikaingia kati ya mikoko, tukakanyaga matope. Ami alisujudu palepale kwenye tope, nasi nyuma yake. Tulipotaka kuwalipa, yule mkubwa wao alikataa. "Leo nyinyi, kesho sisi," alisema. "Bahari haina mwenyewe." Usiku huohuo Mwalimu alifikishwa hospitali ya Msambweni, na kesho yake jioni tulikuwa Mwembe Tayari, watu wamejaa mpaka barabarani.

Watu hudhani shida imekwisha mtu akitia mguu nchi kavu. Yangu haikwisha. Ramadhani yote nilikuwa nikishtuka usiku nikisikia kamba ikikatika. Kila mvua ikipiga bati nilisimama katikati ya chumba. Nilishindwa kuvuka Likoni. Nilifika mpaka kwenye mteremko wa feri, miguu ikakataa, nikarudi. Muuguzi ndiye aliyeniambia kwamba hilo ni jeraha kama lile la Mwalimu, na kwamba nalo huhitaji kutibiwa, mtu asilifiche kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Alinipeleka kwa mshauri nasaha, nikaeleza yote kwa mara ya kwanza, kutoka mshindo wa amari mpaka ile meli iliyopita. Kulizungumza kulinipunguzia uzito.

Dawa nyingine ilikuwa mashua yenyewe. Baada ya Idi tuliitisha mchango, kwa sababu ami aliipoteza kazi yake ili atuokoe sisi, na haingekuwa haki abaki peke yake na hasara. Tulichanga sisi watano, wakachanga makondakta, wakachanga wafanyabiashara wa soko. Chombo kikapelekwa kwa fundi seremala, kikapata mbao mpya, usukani mpya na kalafati upya. Nilikuwa nikienda kila Jumapili kushika nyundo. Kuuona ule ufa uliotaka kutuzamisha ukifungwa mbele ya macho yangu, ubao juu ya ubao, kuliirudisha imani yangu. Chombo kilipoteremshwa majini Bandari ya Kale, nilipanda. Tulikwenda mpaka mbele ya Ngome ya Yesu tu na kurudi. Wiki iliyofuata nilivuka Likoni nikiwa na mama, na sote wawili tulisimama ukingoni tukatazama maji.

Ndugu msomaji, nimepima mara nyingi ni nini kilichotuokoa baada ya rehema ya Mungu. Ujasiri tulikuwa nao kidogo, na nguvu zetu ziliisha kabla ya adhuhuri. Yaliyotuokoa yalifanyika kwenye benchi la Mwembe Tayari kabla hata hatujayaona maji: kukubali kauli ya mtu mmoja, karatasi ukutani, mtungi usioguswa, jaketi kifuani. Siku hizi mashua ya ami ina mnyororo kati ya nanga na kamba, kwa kuwa tumbawe haliwezi kukata chuma, na ina redio ya VHF ambayo chaneli yake ya 16 husikilizwa na vyombo na vituo vya uokoaji mchana na usiku. Vitu hivyo vina gharama, lakini watu saba wakigawana hakuna anayeumia.

Nawaomba vijana wenzangu wa Mombasa, Lamu, Shimoni na Kilifi: endeni visiwani, mkafurahi, kwa maana visiwa hivyo ni vyetu na uzuri wake ni urithi wetu. Kabla ya kwenda, sikilizeni Idara ya Hali ya Hewa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani ya Tanzania, idara hiyo ilionya juu ya pepo kali na mawimbi makubwa upande wetu pia, na nahodha wetu aliifunga mashua yake akabaki nyumbani bila kinyongo. Mkiambiwa leo hakuna safari, msimlazimishe mzee kwa sababu mmeshalipia. Vaeni jaketi kabla ya upepo kuja. Muacheni mtu mmoja nchi kavu anayejua mko wapi na saa ngapi aanze kuuliza. Na mkimwona mwenzenu baharini amepoteza usukani, acheni nyavu zenu mwende, kama walivyotufanyia wale ndugu wanne wa Gazi.